Asiye na Shairi Hapewi

Käina, kisiwani Hiiumaa
14 Oktoba 1996

Kaidi mkwe wangu,

Mimi mzima, kuku wazima, goti la kushoto limegoma tangu Jumanne na sijui linadai nini. Natumaini huko Tartu nyote wanne mna afya, na kwamba Tarmo bado yupo hai, maana kwenye simu sikuwa na uhakika. Nilimuuliza habari za watoto akasema "wapo." Nikamuuliza habari za kazi akasema "ipo." Mwanangu huyo nimemzaa mwenyewe, nampenda, lakini kumtoa neno ni kazi ya kutwa. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Wewe maneno unayo, ingawa si yote nayapenda.

Habari za hapa: matufaha yamezaa mwaka huu hadi tawi la mti aliopanda marehemu Ilmar limekatika. Kabichi nimeshazitia chumvi kwenye pipa. Endel, jirani yangu, alichinja nguruwe Ijumaa, tukapika soseji za damu siku nzima, mimi nikikoroga na yeye akitoa ushauri. Nimewatumia kifurushi cha kilo tatu. Mkikipata, kuleni siku hiyohiyo.

Sasa jambo lenyewe. Mwishoni mwa mwezi shule zinafungwa kwa likizo ya vuli, na Uku sasa ni mtu wa darasa la kwanza mwenye mkoba wake. Walete. Chumba cha juu nimekipasha moto, matufaha yanaoza, na Loore ana miaka minne na sijui hata kama bado anatambua sura yangu. Sijawaona tangu Krismasi. Pasaka mlikuwa na mafua. Sikukuu ya kiangazi, wakati nchi nzima inawasha mioto, ninyi mlikuwa mnapaka rangi jiko. Agosti mlikuwa na jambo jingine, nimelisahau, ila nakumbuka lilikuwa la dharura.

Tena mwambie Uku aanze mapema kutafuta shairi la Krismasi, la kumsomea Baba Krismasi kabla ya kupewa zawadi. Liwe refu kidogo. Miezi miwili inamtosha hata jogoo.

Bibi yao,
Helve


Tartu
22 Oktoba 1996

Mama,

Barua yako imefika, pole na goti. Pole pia na tawi. Sisi hatujambo, ukiacha mambo madogo ya kawaida. Tarmo anakusalimu. Yaani nilimuuliza, "Unamsalimu mama?" akasema "mm." Hiyo nimeitafsiri kwa upana kadiri nilivyoweza.

Soseji bado hazijafika. Nasikia kivuko kilisimama siku tatu kwa sababu ya upepo. Nina hakika zitafika zikiwa na afya.

Kuhusu likizo, tunasikitika sana, mwaka huu haitawezekana. Loore amepata kikohozi. Si kibaya, ila daktari anasema asipigwe na upepo wa bahari. Na mimi hospitalini nimepangiwa zamu za usiku wiki yote, mwenzangu mmoja amejifungua na mwingine ameteguka mguu, basi waliobaki wauguzi ni sisi tu tusio na bahati.

Shule Uku anaipenda. Hesabu anazimaliza kabla ya wenzake. Kusoma anasoma vizuri, kimoyomoyo. Mwalimu wake ni mwanamke mpole.

Shairi tutaona.

Mkweo,
Kaidi


Käina
31 Oktoba 1996

Kaidi mwanangu,

Goti limepona lenyewe, pengine lilichoka kusubiri kuhurumiwa. Jumamosi ni siku ya kuwawashia marehemu mishumaa. Nitamwashia Ilmar wake, na nitamwambia kwamba wajukuu zake wanakohoa.

Nami nimekuwa nikikifuatilia hicho kikohozi. Kikohozi chenu kina kalenda ukutani. Siku za shule hakiji, siku za sinema hakiji, lakini likizo ikitangazwa tu, huyo, kimeshavua viatu na kuketi. Na huyo daktari anayesema upepo wa bahari ni mbaya kwa kifua, mwambie aje huku anione. Nimepigwa na upepo huo miaka sitini na saba na kifua changu kinasikika mpaka kanisani.

"Shairi tutaona." Tutaona nini? Shairi haliji kwa kuangaliwa. Kwa kuwa naona huko kwenu hakuna vitabu, nimemnakilia moja kwa mkono wangu, lile la msitu na sungura. Ni beti kumi na mbili. Baba yake alilikariri akiwa na miaka mitano, ulimi ukiwa bado unamfanyia kazi. Siku hizi watoto wanalelewa wasipige hata chafya bila kuombwa kwa upole, halafu tunashangaa wanapokuwa wakubwa na kujibu "wapo" na "ipo."

Mimi si mtu wa kuzunguka. Krismasi mnakuja au hamji? Nijibu kwa neno moja. Yapo mawili, na yote ni mafupi.

Na zile soseji?

Helve


Tartu
12 Novemba 1996

Mama,

Zile soseji zimefika. Zilikaa njiani siku kumi na saba. Yule mama wa posta alinikabidhi kifurushi akiwa amenyoosha mikono yote miwili mbele na kugeuza uso pembeni. Akaniuliza kama ni barua ya mapenzi. Tumezizika nyuma ya nyumba, Tarmo akavua kofia. Ahsante kwa moyo wako, nasema kweli.

Loore mzima. Mimi mzima. Sasa nataka nikusimulie Mardi yetu.

Juzi usiku wa Mardi Uku alitaka kwenda mlango kwa mlango na watoto wa jengo letu, kuimba kwa vinyago ili wapewe vitu kama ilivyo desturi. Nilikuwa na hofu, unajua hofu yangu ni ipi. Lakini nikamvalisha lile koti la manyoya la baba mkwe, nikaligeuza ndani nje, linamfika chini kabisa, na usoni akajivika kinyago alichokata mwenyewe kwenye boksi la viatu. Nikasimama kwenye ngazi nimejibanza, niwe karibu akilia.

Mama, hakulia. Mlango wa kwanza ulipofunguliwa ni yeye aliyeanzisha wimbo. Akatupa nafaka sakafuni, akawabariki wenye nyumba ng'ombe na watoto, pale ghorofa ya tatu ambapo hakuna ng'ombe. Akawategea mafumbo. Yule mama wa ghorofa ya nne alipowapa tufaha moja moja, Uku akamwambia kwa sauti ya mzee, "Mama mwenye nyumba, kwa mkono huo kabichi zako mwakani zitakuwa kama vitunguu!" Yule mama alicheka mpaka akaleta sahani nzima ya biskuti. Milango kumi na minne, na hakukwama hata kwenye neno moja. Akarudi nyumbani, akavua kinyago, akataka kuniambia amepata biskuti ngapi. Akakwama kwenye "mbili" mpaka akaacha akaenda kulala.

Umetaka nisizunguke. Basi sizunguki. Kikohozi hakikuwepo.

Krismasi iliyopita Uku alikuwa analijua shairi lake. Nilimsikiliza njia nzima, kwenye gari na kwenye kivuko. Akasimama mbele ya watu, neno la kwanza likakwama. Baba Krismasi akasema, "Tunasikiliza." Likakwama tena. Baba Krismasi akamtazama tu, sote tukamtazama, mimi mwenyewe mjinga mmojawapo. Halafu akasema, "Asiye na shairi hapewi," akakibeba kile kigari cha kuteleza kwenye theluji, ambacho mtoto alikuwa ameshauona utepe wake, akatoka nacho nje. Uku akajikojolea pale pale kwenye zulia.

Mimi na wewe tunajua nani anavaa zile ndevu tangu baba mkwe afariki. Uku hajui. Aliambiwa Bibi ameenda kuangalia kuku, naye akaamini. Nimemwacha aamini, kwa sababu ni afadhali amchukie mgeni anayekuja mara moja kwa mwaka kuliko amchukie bibi yake. Kigari ulikipakia mwenyewe kwenye gari letu asubuhi yake, sijasahau. Kiko kwenye baraza ya ghorofani. Hajakikalia hata siku moja.

Kigugumizi kimezidi tangu siku ile. Sisemi ni kwa sababu yako. Nasema tangu siku ile.

Beti zako kumi na mbili nakurudishia humu humu ndani ya bahasha.

Kaidi


Käina
2 Desemba 1996

Kaidi,

Barua yako ilikaa siku saba ng'ambo kwa sababu ya dhoruba, kisha ikakaa siku kumi na moja juu ya meza yangu, na hapo hapakuwa na dhoruba.

Theluji imeanguka. Kuku wawili wameacha kutaga. Endel ameng'olewa jino na anatembea nalo mfukoni ili awaonyeshe watu.

Nyumbani kwetu tulikuwa watoto saba na hakuna aliyewahi kupewa bila shairi. Nilipokuwa na miaka sita baba yangu alinisimamisha karibu na mlango jioni nzima mpaka nikasema. Nikasema. Hakuna aliyemwandikia baba yangu barua. Nikakua, nikawa na sauti, na wapo wanaodhani sauti hiyo imezidi.

Nimefuma soksi, pea mbili. Za Uku ni zile kubwa.

Sina la kuongeza, kwa hiyo siongezi.

Helve


Tartu
8 Desemba 1996

Mama,

Soksi zimefika, zinawatosha, ahsante. Loore analala nazo.

Hapa tumeingia wiki za taabu. Kila jioni watoto wanaweka kandambili dirishani, na kila asubuhi wanataka kuona kijitu cha Krismasi kimewaletea nini. Kijitu ni mimi, na kijitu kina zamu za usiku. Kijitu cha rafiki yake Loore kimeleta mwanasesere mwenye farasi. Chetu kilileta chungwa dogo, na Loore akaniuliza kama kijitu chetu kimefukuzwa kazi. Juzi nilirudi alfajiri nikakumbuka nikiwa mlangoni kwamba sikununua kitu, nikatumbukiza nilichokuta kwenye mfuko wa sare: bendeji. Weee! Hajawahi kufurahi vile. Alimfunga baba yake mguu mzima tangu kidoleni mpaka pajani, na Tarmo akaenda nao kazini hivyo hivyo.

Nimesoma habari za baba yako. Nimezisoma mara mbili. Sikujua.

Krismasi nimepangiwa zamu tarehe 24 na 25, na safari hii si uongo, naweza kukutumia ratiba yenye muhuri. Tarmo atawaleta watoto. Lakini nina sharti moja. Baba Krismasi wa huko apumzike mwaka huu. Atakuja Baba Krismasi mwingine, kutoka Tartu. Ndevu anazo. Wewe utakaa kwenye kiti kama watu wengine, na ukiitwa utasimama useme shairi. Ukikubali wanakuja. Usipokubali nitakuwa na kikohozi mimi mwenyewe.

Kaidi


Käina
15 Desemba 1996

Kaidi,

Baba Krismasi kutoka Tartu! Atakuwa amesoma chuo kikuu bila shaka. Mwambie huku hatuna lami, asije na viatu vya kung'aa.

Chumba cha juu nimeanza kukipasha moto leo. Mashairi mimi ninayo arobaini kichwani, hata nikiamshwa usingizini, sina hofu na mzee yeyote wa mjini.

Waje.

Helve


Tartu
4 Januari 1997

Mama,

Heri ya mwaka mpya. Kachumbari ya kabichi tumeimaliza, soseji pia, na safari hii hatukuzika kitu.

Naandika kwa sababu hakuna anayeniambia lolote. Nilimuuliza Tarmo ilikuwaje, akasema "sawa." Nikamwambia sawa vipi, akasema "sawa tu." Loore anasema Baba Krismasi alikuwa mfupi, kwamba Endel aliimba vibaya, na kwamba maskini Uku alikuwa chooni akakosa kila kitu. Uku mwenyewe nikimuuliza anasema hayo ni mambo ya wenye ndevu.

Lakini kuna jambo. Jana asubuhi niliamka nikamkuta ameshakishusha kigari kutoka barazani, peke yake, ngazi zote. Alikuwa kilimani na wenzake mpaka giza. Jioni alinisimulia walivyoanguka. Alikwama mara nyingi, lakini hakuacha. Alikwama akaendelea, akakwama akaendelea, mpaka supu ikapoa, na akamaliza.

Mama, nini kilitokea huko? Nakuomba uniambie. Sina ugomvi tena, nataka kujua tu.

Kaidi


Käina
13 Januari 1997

Kaidi mkwe wangu,

Goti baya, kuku wazima, Endel mzima kwa bahati mbaya. Nimeanza barua hii mara nne, na tatu zimeingia kwenye jiko. Hii ikikufika ujue karatasi zimeniishia.

Huyo mtu wako wa Tartu alibisha hodi saa kumi na mbili jioni. Tarmo akasema, "Ingia," na hilo nadhani ndilo neno lake la mwezi. Akaingia na koti la Ilmar limegeuzwa ndani nje, na ndevu za sufu zimemfika tumboni, na fimbo. Urefu wake ulinifika hapa kwenye mshipi wa aproni. Nikajua mara moja, sikuhitaji miwani. Nikataka kucheka. Nikajiambia, kumbe ndiyo janja yako, Kaidi.

Halafu akafungua mdomo, na hamu ya kucheka ikaniisha. "Jioni njema, watu wa nyumba hii! Nimetoka mbali, barabara mbovu, na farasi wangu ana mafua." Sauti safi, mkwe wangu, haina hata kokoto moja. Sikuwahi kumsikia mjukuu wangu akiongea. Miaka saba nimekuwa naye nusu nusu, silabi silabi, sikuwahi kusikia ana mzaha kiasi gani. Ana mdomo wangu. Ana mdomo wangu kabisa, huyo mtoto, na ulikuwa umefungiwa humo ndani muda wote.

Akamwita Loore, akaimba wimbo wa sungura, akapewa. Akamwita Endel, akaimba, Mungu amsamehe, akapewa. Akamwita Tarmo, akasema yale yake ya tangu chekechea: "Nungunungu mdogo, miguu minne tu, nimemaliza shairi, naomba zawadi yangu." Baba Krismasi akamwambia, "Umri wako na shairi lako havilingani, mzee," lakini akampa.

Kisha akasema, "Helve."

Nikasimama. Lile la msitu na sungura nilikuwa nimelirudia wiki nzima, kwa kiburi, nikitaka huyo mgeni wa mjini ajue amefika wapi. Nikavuta pumzi. Ndipo akauliza lile swali ambalo wanaulizwa watoto wote, nami nimeliuliza mwenyewe mara ngapi sijui: "Mwaka huu umekuwa mwema?"

Nilitazama yale macho juu ya zile ndevu, hayakuwa na mzaha tena. Nikatafuta ubeti wa kwanza, haupo. Nikatafuta mashairi yangu yote arobaini, hakuna hata moja lililokuwa nyumbani. Watu wananitazama. Tarmo ananitazama. Loore akaninong'oneza, "Bibi, sema la sungura!" Baba Krismasi aliningojea tu, na mimi nilijua atangojea muda gani, kwa sababu ulikuwa muda ule ule. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Kisha akasema, "Asiye na shairi hapewi." Akachukua furushi langu, akatoka.

Tarmo akainuka. Nikamwambia kaa chini. Nikatoka mwenyewe.

Alikuwa kwenye ukumbi wa nyuma, ameketi juu ya kuni, ndevu zimeshuka shingoni, furushi amelikumbatia, analia kimya kimya. Amepata alichokitaka na hakikumpa raha hata kidogo. Nikaketi kando yake juu ya kuni, na goti langu, unalijua. Nikamwambia, "Umefanya haki. Yule wa mwaka jana, Uku, hakuwa Baba Krismasi. Nilikuwa mimi."

Akasema, na sasa kila neno lilikuwa linampiga teke kabla ya kutoka, akasema: "Na-na-najua, Bibi. Ulikuwa umevaa vi-viatu vyako vya kuku."

Alijua, Kaidi. Mwaka mzima alijua. Wewe ulikuwa unamficha ili asinichukie, na yeye alikuwa anakuficha wewe ili usijue kwamba anajua. Mtoto wa miaka saba. Alijua pale pale, akiwa amesimama kwenye mkojo wake, kwamba ni bibi yake. Na mimi niliyempakia kigari kwenye gari nilidhani nimemaliza deni.

Mimi sijawahi kumwomba mtu radhi. Ilmar nilimpikia chapati za maji badala ya kusema, naye alielewa, au alikuwa na njaa. Lakini pale hapakuwa na jiko. Nikamwambia Uku nilikosea. Nikamwambia nilikuwa na roho mbaya, na kwamba baba yangu naye alikuwa na roho mbaya, na kwamba mimi hili la pili sijawahi kulisema kwa sauti mpaka leo. Machozi yalinitoka, naandika hivyo kwa sababu Endel alichungulia dirishani na atakuambia hata hivyo.

Akafikiri. Akajifuta pua kwa ndevu. Akasema, "Bado hu-hujasema shairi."

Nikamwambia yote yamenitoka. Akasema moja tu linatosha, lolote. Nikasema basi, la nungunungu la baba yako, mjinga gani anasahau lile. Nikafungua mdomo, Kaidi, na sijui ni kwa baridi au kwa kilio, nikasema "nu," nikasema tena "nu, nu," na neno halikutoka. Nikaona aibu, nikataka kuinuka niende ndani.

Akanishika mkono. Akaniambia, "Polepole, Bibi. Mimi si-sina haraka."

Helve